Kalamu ya Kariakoo haioni urani

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naishi Kimara, ila mama yuko Namtumbo na anatumia kisima cha mita 40. Tunasikia urani huko huenda ikachimbwa kwa kuyeyushwa chini kwa chini. Nimenunua Kariakoo kalamu ya TDS, ile ya kupima vilivyoyeyuka kwenye maji, kisimani inasoma miligramu 180 kwa lita. Aliyeniuzia anasema chini ya 300 ni salama. Nitulie?

Jibu: Marahaba. Kalamu isikutulize wala isikutishe. Inakadiria chumvichumvi zote kwa jumla, haijui ni za aina gani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 30 za urani kwa lita, yaani miligramu 0.03. Kalamu yako inahesabu miligramu moja moja. Urani ikifika hata mara kumi ya hapo, namba haitikisiki. Muuzaji hakukwambia, na sidhani kama anajua.

Katika uchimbaji huo, myeyusho husukumwa kwenye tabaka la madini kwa visima hivi na kuvutwa kwa vile. Mchimbaji makini huvuta zaidi kidogo ya anachosukuma, asilimia 1 hadi 3 hivi, ili maji ya pembeni yaingie badala ya myeyusho kutoka. Kandokando huwekwa visima vya uangalizi, na vingine kwenye matabaka ya juu na chini. Huko hakuna anayeingojea urani, maana hunata kwenye mwamba ikachelewa. Kloraidi, ile iliyomo kwenye chumvi ya kawaida, haishikwi na kitu, inakwenda na maji, kwa hiyo inatangulia. Kama myeyusho ni wa tindikali ya salfa, hutazamwa pia salfeti, inayotokana na tindikali hiyo, na pH, yaani kipimo cha ukali wa tindikali. (Mimi binafsi naogopa zaidi matobo ya zamani ya utafiti yasiyozibwa kwa saruji. Yanatoboa matabaka yote, halafu yanasahaulika.)

Sasa, kloraidi imepanda kutoka ngapi? Hapo ndipo watu wanaponichosha. Penye madini, maji yanaweza kuwa na urani ya asili kabla hata mtambo haujafika. Usipopima leo, kesho huna hoja: si ya kumshtaki mtu, si ya kumsafisha. Pima masika na kiangazi, maabara, ukitaja urani, kloraidi na salfeti kwa majina. Pampu itembee kwanza hadi usomaji utulie, ndipo ukinge. Chupa chukua maabara kwenyewe, kwa sababu ile ya kupimia metali kama urani huwekwa asidi kidogo. Na kalamu usiitupe: mama aandike namba kila Jumapili kwenye daftari. Ikitoka 180 ikawa 260 ndani ya mwezi, nipigie.

Hata hapa Dar ni yale yale. Kigamboni, Mbezi Beach, mtu anavuta maji mchana kutwa hadi maji ya bahari yanamfuata kisimani, kisha fundi anamuuzia chujio. Juzi mmoja kaniletea maji kwenye chupa ya juisi, bado inanukia pasheni. Nikamuuliza kloraidi ilikuwa ngapi kisima kilipochimbwa.

"Yalikuwa matamu tu, mtaalamu."