Kuandaa walimu wa dini: maswali yenu na majibu yangu

Jambo wasomaji. Tangu niseme kwamba kazi yangu hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, ni kufundisha dini katoliki na kuandaa walimu watakaoifundisha, mnaniuliza mengi, hata njiani tukitoka misa. Leo nachukua machache.

Niko mwaka wa sita pedagojia, sekondari ya ualimu. Mimi si sista na sitakuwa sista. Naweza siku moja kuwa profesa wa dini?

Unaweza kabisa binti yangu, na tena tunakungoja. Huku kwetu watu walishazoea kuona abe (padri) au sista ndiye anashika somo la dini mpaka wakafikiri ni sheria, kumbe Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni 804, inaomba mwalimu wa dini awe na vitu vitatu: mafundisho yaliyo sawa, ushuhuda wa maisha na ufundi wa kufundisha. Mlei yuko ndani. Kanuni inayofuata inampa askofu haki ya kumkubali au kumtoa, na ukifika kufundisha teolojia yenyewe chuoni, kanuni 812 inadai ruhusa ya pekee, ile wanaita mandatum. Njia ni ndefu: diploma ya leta (yaani serikali) ukimaliza sekondari, halafu ISP, chuo cha ualimu, ambako kwa mfumo mpya wa LMD (lisansi, masta, dokta) lisansi ni miaka 3 na masta 2, kisha teze, kitabu cha udokta, na chuoni unapanda kutoka asista (msaidizi), shefu de travo (ngazi ya kati), mpaka profesa. Ombi langu moja tu, usiruke darasa la watoto. Ingia primeri, shule ya msingi, ushike chaki hata miaka miwili mitatu, maana nimeona watu wenye teze nzuri sana wakieleza namna ya kufundisha mtoto wa miaka minane na wao hawajawahi kukaa naye asubuhi nzima, na wanafunzi wanaona mara moja.

Shule yetu ni ya Kikatoliki, lakini darasani niko na Waprotestanti, Wakimbangu (wa kanisa la Simon Kimbangu) na Waislamu wawili. Saa ya dini niwatoe nje?

Hapana mwalimu, usiwatoe. Shule zetu ni konvansione, Kanisa linaendesha na leta ndiye mwenye shule, kwa mkataba wa Februari 1977, kwa hiyo mtoto yeyote wa mtaa ana haki ya kukaa pale. Wazee wetu wanakumbuka: rais Mobutu alipochukua shule 1974 somo la dini lilitolewa, siasa ya chama chake ikakaa mahali pake. Tulililia lirudi, sasa tusilitumie kufukuza watoto. Roma yenyewe ilishatofautisha, kwenye hati ya 1988 juu ya elimu ya dini katika shule katoliki, kwamba katekesi ni kitu kingine na somo la dini ni kingine. Katekesi iko parokiani, inamkuza mtu aliyekwisha amini. Somo la dini shuleni linatoa maarifa, Wakristo wanaamini nini na wanaishi vipi, kwa hiyo Mwislamu anaweza kupata alama zote na akarudi nyumbani akiwa Mwislamu. Usimpe mtu pointi kwa sababu anajua rozari. Niliwahi kuona hiyo, mtoto alilia.

Kwenye staji, mazoezi ya kufundisha, nilitayarisha fishi (mpango wa somo) vizuri, nikafundisha Msamaria Mwema, watoto wakajibu yote, lakini msimamizi akanipa 11 juu ya 20. Nilikosa wapi?

Somo lako sikuliona, acha nikuambie langu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilifundisha hiyo hiyo Luka 10, nikaandika muhtasari ubaoni, watoto wakanakili, wakarudia wote pamoja "jirani yangu ni kila mtu mwenye shida", nikafurahi. Karibu kengele ilie mtoto mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: mwalimu, huyu Msamaria alijuaje kama wezi hawajajificha bado pale pale? Nikamwambia tutaona kesho. Kesho sikumjibu, wala kesho kutwa. Baba yake alikuwa mtu wa biashara, alikuwa anapita barabara ya Kamituga kila mara, na sisi wote tunazijua barabara zetu, gari ikisimamishwa hujui nani yuko msituni. Yule mtoto aliingia ndani ya habari kuliko mimi. Swali lake ndilo lilikuwa somo, maana kuhani na Mlawi pengine nao waliogopa, kusimama njia ya Yeriko ilikuwa hatari kweli, na Msamaria alisimama hata hivyo. Kwenye fishi yangu hakukuwa na nafasi ya hilo. Leo nikisimamia staji siangalii kwanza nani amejibu, naangalia kama kuna mtoto ameuliza, na mwalimu amelifanyia nini swali lake. Kati ya maelezo na zoezi acha dakika tano tupu, utashangaa.

Wanasemaka mwalimu wa dini lazima awe shahidi. Maana yake nini?

Sisi wa Bukavu tuko na Askofu Mkuu Munzihirwa. Mwaka 1971 Mobutu alipowatia wanafunzi wa chuo kikuu Kinshasa jeshini kwa nguvu, yeye padri Mjesuiti aliomba aandikishwe pamoja nao. Halafu akiwa askofu mkuu wetu alibaki mjini na watu wake, akauawa Nyawera, hapa hapa mjini, tarehe 29 Oktoba 1996. Wapitishe wanafunzi wako pale kwa miguu, usiwasomee tu.

Hiyo kazi inalisha?

Polepole sana. Walimu wengi bado ni NU, wanafundisha na leta hawalipi, na tangu primeri iwe bure 2019 primi, pesa wazazi walizokuwa wanamwongezea mwalimu, haiko tena. Chuoni ni afadhali kidogo. Mimi naona ni dhuluma, mtu anayeandaa walimu wa nchi hapaswi kukopa unga.

Teze nisomee nje ao hapa?

Kinshasa kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Kongo, teolojia yake iko tangu 1957. Nje, watu wetu wameenda Lumen Vitae, chuo cha katekesi kule Ubelgiji, na chuo cha Wasalesiani Roma. Zote nzuri, ila mada yako iwe ya hapa. Kabla ya kupanda ndege kusanya madaftari ya dini ya watoto, ya Ibanda na Kadutu hapa mjini, na ya kijijini Walungu, piga picha kila ukurasa, maana mwaka wa shule ukiisha mama anayachana kufungia karanga. Ya wanafunzi wangu wa kwanza yote yaliisha hivyo.