Friji ya zamani inajaza barafu nyuma ya friza na chini hakuna baridi: ni gesi ama ni nini?

SWALI: Habari fundi. Mimi niko Milimani hapa Kisumu. Nimeachiwa na mama friji ya milango miwili ya miaka ya themanini, ya Kijapani, stika ya nyuma imeandikwa 240V, 50Hz, R12. Friza inagandisha vizuri lakini chini maziwa yanachacha. Nikiizima siku mbili milango ikiwa wazi inarudi sawa kabisa, halafu baada ya wiki hivi shida ni ile ile. Fundi mmoja amesema gesi imepungua anataka kuijaza, mwingine alibadilisha taima na haikusaidia. Nifanyeje?

JIBU: Salama ndugu yangu. Kwanza huyo wa gesi mwambie asante lakini asiiguse. Gesi ikipungua hata uizime mwezi mzima ukiiwasha itakuwa vile vile, kitu kinachopona kwa kuzimwa ni barafu peke yake. Na hiyo R12, ndiyo gesi iliyo ndani ya friji yako, ilikatazwa na Mkataba wa Montreal wa 1987 wa kulinda tabaka la ozoni, kwa nchi kama Kenya mwisho ilikuwa 2010, kwa hivyo ile iliyo ndani ikitolewa hupati nyingine, na wakikuwekea ile gesi iliyokuja badala yake, R134a, bila kubadilisha mafuta ya kompresa, zile oili za zamani hazichanganyiki nayo na kompresa itaumia. Kama mfumo wa gesi haujafunguliwa tangu kiwandani hiyo ni mali, iache hivyo.

Nyuma ya ile plastiki ya ndani ya friza kuna koili, na feni inavuta hewa ipite kwa koili halafu nyingine inashushwa chini kwa njia nyembamba. Hewa yetu ya ziwa ina unyevu mwingi, kila ukifungua mlango unaingia na unaenda kuganda pale kwa koili. Sasa taima kila baada ya saa kadhaa za kazi, kwa nyingi ni kati ya 6 na 12, inazima kompresa na feni na kuwasha hita iliyo chini ya koili, barafu inayeyuka, maji yanashuka kwa tundu, na thamostati ndogo iliyobanwa kwa koili ikisikia joto limefika kama digrii 10 hivi inakata hita. Hiyo kazi isipofanyika barafu inaziba njia ya hewa, friza inabaki baridi kwa sababu iko hapo hapo, chini ndiko kunalala njaa.

Sasa hii ya taima nataka uielewe vizuri kwa sababu watu wengi sana wanapoteza pesa hapa. Kwa friji nyingi za Kijapani za wakati huo mota ya taima inapata stima ikipitia kwa hita na fyuzi ya joto, yaani ile inayoungua kukata stima joto likizidi. Hita ikikatika ama fyuzi ikiungua, taima nayo inasimama hata kama ni mpya kutoka dukani, fundi anaona haitembei anasema imekufa, anauza nyingine, na hiyo nyingine inasimama pia. Naona hicho ndicho kilikupata.

Kwa hivyo toa plagi kwa soketi, toa vyakula, acha barafu iyeyuke yenyewe ama weka sufuria ya maji moto ndani ufunge mlango. Usichokore na kisu wala bisibisi tafadhali, hiyo koili ni alumini laini, shimo dogo tu na R12 yote imeenda. Fungua skrubu za plastiki ya nyuma, chomoa waya za hita, pima na mita ikiwa upande wa omu. Hita ya 240V ya watt 150 inasoma karibu omu 380, ukipata popote kati ya 200 na 400 iko sawa, mita isiposoma kitu imekatika. Ikiwa ni ya glasi angalia kama imepasuka ama ina weusi mwishoni. Fyuzi ni kitu kidogo kiko hapo hapo kwa koili na waya mbili, hiyo lazima isome karibu sufuri.

Thamostati ndogo usiipime ikiwa na joto la chumba useme imeharibika, kwa joto hilo inatakiwa iwe imejifungua. Ifunge kwa karatasi ya nailoni, itumbukize kwa kikombe cha barafu iliyopondwa na chumvi nyingi (barafu peke yake inaishia digrii sufuri, haitoshi), ukingoja dakika chache utasikia "ka!" na mita itasoma. Ikisoma hata ikiwa na joto basi imeshikana, na hiyo ndiyo kawaida inaunguza fyuzi, kwa hivyo ukipata fyuzi imeungua badilisha zote mbili pamoja.

Na hapa nakusihi ndugu yangu: fyuzi ikiwa imeungua usikubali mtu aunganishe waya moja kwa moja eti itafanya kazi. Itafanya, ndio, lakini siku thamostati ikishikana hita haitazimika, na imezungukwa na plastiki na povu. Nyumba inaungua watu wakiwa wamelala. Fyuzi ni kitu cha bei ndogo.

Tundu la maji mwagia maji moto hadi uyaone yakitoka nyuma. Mpira wa mlango nao ubane noti ya 50 hapo, ukiivuta ikitoka bila kushikwa unyevu unaingia mchana na usiku.

Ukishafunga kila kitu iwashe ipige baridi saa kama tatu nne ndio thamostati ijifunge, halafu zungusha kile kishimo cha taima na bisibisi bapa polepole kufuata mshale wa saa mpaka usikie "ka" na kompresa inyamaze. Tega sikio kwa friza, baada ya dakika chache utasikia matone yakigonga hita, tsss, tsss. Ukiyasikia hayo na kompresa ikirudi yenyewe baadaye umemaliza. Usipoyasikia niandikie hita imesoma omu ngapi na kama fyuzi ilisoma, tuendelee kutoka hapo.