Re: Akwariamu ya maji chumvi na matumbawe ukiwa Mwanza, mfuko mdogo, inawezekana?

Mkuu umeuliza vitu vitatu, kama unaweza kuchota maji ya ziwa ukatia chumvi, tanki la futi tatu linachukua samaki wangapi, na kama samaki wa Dar wanafika Mwanza kwa basi wakiwa hai. Mi nafuga maji chumvi hapa Nyegezi muda sasa, ngoja nikujibu ninavyojua, wengine wataongezea.

Inawezekana kabisa. Ila jua mapema kwamba hela yako italiwa na maji na umeme, samaki ndo wa mwisho na ndo rahisi kuliko vyote, sasa wengi wanaanza na samaki.

Chumvi ya jikoni sahau. Ile ni sodiamu kloraidi na madini joto basi, wakati maji ya bahari yana magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vingine kibao, na matumbawe magumu yanajenga mifupa yake kwa hiyo kalsiamu. Unatafuta chumvi maalum ya akwariamu, lita moja inakula gramu kama 35 hadi 38, kwa hiyo lita 100 ni chini kidogo ya kilo nne. Najua kuna watakaokwambia uagize maji ya bahari kwenye madumu kutoka Dar. Piga hesabu kwanza, lita 100 za bahari zina uzito wa zaidi ya kilo 100 na chumvi humo ndani ni kilo tatu na nusu hivi, yaani unalipia mzigo wa kuleta maji Mwanza, mji uliokaa juu ya ziwa!

Sasa hayo maji ya ziwa. Usichote, na hata ya bomba usiyatumie hivihivi maana MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, nao wanavuta humohumo ziwani, wanayasafisha na kutia klorini, kwa kunywa hayana shida ila matumbawe sio mtu. Ziwa letu lina fosfeti na naitreti za kutosha, ule ukijani unaouona kandokando ndo kazi yake, ukiyaweka chini ya taa kali umeanzisha shamba la mwani. Unahitaji maji ya RO (yaliyosukumwa kwenye chujio laini sana linalobakiza chumvi na uchafu nje) yaliyopitishwa na DI (chujio la mwisho linalonyonya madini yaliyobaki). Mashine ikikushinda bei, nunua TDS mita, ni kidude kama kalamu kinachopima vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, zunguka nacho kwenye maduka yanayochuja maji ya kunywa kwa RO, chovya usome. Unataka sifuri au karibu kabisa na sifuri. Kuna duka nilichovya maji yao "safi kabisa" yakasoma sawa na bomba la nyumbani, muuzaji akanuna, nikaondoka.

Kipimo cha chumvi nunua refraktomita, lenga 35 kwa elfu, au 1.025 hadi 1.026 kama inasoma uzito wa maji ukilinganisha na maji matupu. Maji yakipungua kwenye tanki ujue yaliyopanda hewani ni maji tu, chumvi imebaki, so unajazia maji matupu ya RO. Kila siku kidogo kidogo, usisubiri yashuke vidole vinne ndo umwage ndoo.

Tanki lenyewe fundi wa vioo anakutengenezea, sentimita 90 kwa 40 kwa 40 ni kama lita 144, kioo cha milimita 8, na silikoni iwe isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, hapo msimamie fundi mwenyewe uone tyubu. Stendi iwe ya nguvu maana maji na mawe yatavuka kilo 150. Tanki la mtumba ulizia kama liliwahi kutiwa dawa yenye shaba, shaba inaua konokono, kamba na matumbawe.

Mawe. Haya ya kwetu ya Mwanza ni granaiti, mazuri kwa picha pale jiwe la Bismarck lakini hayana vitundu vya bakteria kukaa. Tafuta mawe makavu ya matumbawe ya kale, yale ya nchi kavu wanayojengea nyumba Pwani na Zanzibar, chagua mepesi yenye matundu. Kung'oa yaliyo hai baharini usithubutu, matumbawe magumu yako hadi kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ukikamatwa nayo usinitaje.

Ukishapanga mawe, ukawasha pampu na hita, tupia kipande cha sangara saizi ya kidole gumba, kioze. Kinatoa amonia, bakteria wanaigeuza kuwa naitraiti, wengine wanaigeuza naitreti. Hii inachukua mwezi hadi mwezi na nusu, na hapo hakuna kuchungulia duka la samaki. Pima, amonia na naitraiti zikifika sifuri na kubaki sifuri, badili maji, endelea.

Joto sisi tuna nafuu, wenzetu wa Dar wanahangaika kupoza tanki, huku usiku unashuka hadi 17 au 18 kwa hiyo hita ndogo inatosha, weka 25. Kinachoua huku ni umeme kukatika. Maji chumvi yanashika oksijeni kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi, na wale bakteria nao wanavuta. Pampu ya hewa ya betri iwe ndani ya nyumba kabla ya samaki wa kwanza, hii sio ya kusema ntanunua mwezi ujao.

Samaki: klaunifishi wawili, gobi mmoja, labda na mwingine mdogo mpole, basi. Klaunifishi hawahitaji anemoni, yule mnyama mwenye minyiri wanayejificha kwake baharini. Kangaja, yule mwenye kisu mkiani, anataka kuogelea, futi tatu ni mahabusu kwake. Waingie mmoja mmoja kwa kupishana wiki kadhaa. Matumbawe anza na laini, kama yale yanayoitwa uyoga na zoanthidi, hayadai taa ya gharama. Ila zoanthidi baadhi zina palitoksini, sumu kali mno, vaa glavu, na jiwe lenye zoanthidi usilichemshe wala kulisugua na brashi kavu, mvuke wake umeshalaza watu hospitali.

Kwa basi kutoka Dar samaki wanafika, mwambie muuzaji asiwalishe siku moja kabla, ajaze oksijeni mfukoni, aweke kwenye boksi la povu. Alafu muulize chumvi ya maji yake ni ngapi, uandae ndoo yenye kipimo hichohicho. Safari ndefu amonia inajaa mfukoni lakini haiwaumizi sana kwa sababu pH (kipimo cha asidi ya maji) imeshuka, ukifungua tu kaboni dayoksaidi inatoka, pH inapanda na ile amonia inakuwa sumu hapohapo. Kwa hiyo elesha mfuko kwenye ile ndoo ukiwa haujafunguliwa, dakika 20 hivi joto lilingane, fungua, wahamishe kwa nyavu haraka kwenye ndoo, na yale maji ya mfukoni mwaga.