Faili Zipo, Lakini Hazionekani: Maswali ya Wasomaji wa Tanga Kuhusu SharePoint

Barua za toleo hili zimetoka Tanga mjini, Muheza na Korogwe. Karibu wote walioandika wanaendesha SharePoint Server, mfumo wa Microsoft wa kuhifadhi na kushirikiana nyaraka, kwenye mashine za ofisi zao wenyewe, si ile ya wingu, na majibu yamefuata hali hiyo.

Asalaam aleikum. Ofisi yetu ya uwakala wa forodha huhifadhi nyaraka za mizigo ya bandarini kwenye maktaba moja ya SharePoint Server 2019. Tumefika faili 6,200, na sasa mwonekano mkuu wa maktaba unakataa kufunguka, unasema kikomo kimepitwa. Je, faili zimepotea? Na tukipandisha kikomo hadi 20,000 kuna ubaya?
*Msimamizi wa mfumo, Ngamiani*

Waaleikum salaam. Hakuna faili iliyopotea. Maktaba moja inaweza kubeba hadi vitu milioni 30. Kilichopitwa ni idadi ya mistari ambayo ombi moja linaruhusiwa kuipitia kwenye hifadhidata, nayo ni 5,000.

Namba hiyo ina sababu yake. SQL Server, programu ya hifadhidata ambayo SharePoint huitumia, inapoona ombi moja limefunga (lock) mistari ipatayo 5,000 ya jedwali, huacha kufunga mmoja mmoja ikafunga jedwali zima. Na vitu vya orodha na maktaba zote zilizo kwenye hifadhidata moja ya SharePoint hukaa kwenye jedwali lilelile. Karani wa forodha akifungua maktaba yake, mhasibu wa chumba cha pili, asiyehusika kabisa na mizigo, skrini yake inaganda. Kwa hiyo jibu la swali la pili ni hapana, msipandishe kikomo. Mtaondoa onyo na kuwabebesha ofisi nzima mzigo wa maktaba moja.

Dawa ni faharasa (index), yaani orodha inayoisaidia hifadhidata kufikia mistari inayotakiwa bila kupitia yote, pamoja na mwonekano (view) unaochuja. Anzeni na faharasa. Fungueni Usimamizi Mkuu wa SharePoint, chagueni programu ya wavuti yenu, kisha mipangilio ya jumla, halafu ukurasa wa kudhibiti matumizi ya rasilimali. Hapo kuna dirisha la kila siku ambamo kikomo hakifanyi kazi. Liwekeni usiku watu wakiwa wameondoka, kwa mfano kuanzia saa 4 kwa muda wa saa 2. Skrini inahesabu kwa saa za kizungu, hivyo chagueni saa 22, au 10 PM. Ndani ya dirisha hilo ingieni kwenye mipangilio ya maktaba na mtengeneze faharasa ya safuwima ya tarehe. Faharasa ni 20 tu kwa kila maktaba, kwa hiyo chagueni safuwima ambazo watu huzitafutia kweli: tarehe, namba ya mteja, hali ya mzigo. Safuwima ya maandishi ya mistari mingi haikubali faharasa, wala inayokokotolewa, wala inayoruhusu chaguo zaidi ya moja.

Kisha tengenezeni mwonekano mpya unaochuja kwa tarehe, na muufanye ndio mkuu. Hapa wengi hukosea hesabu. Mtu huweka kichujio cha siku 90, yaani tarehe iwe kubwa kuliko [Today]-90, akaona amemaliza. Kama ofisi inaingiza nyaraka 60 kwa siku, siku 90 ni nyaraka 5,400, na kosa litarudi palepale. Siku 30 ni nyaraka 1,800, na mnabaki na nafasi ya kutosha hata meli tatu zikiingia kwa pamoja.

Mkichuja kwa safuwima mbili, tangulizeni ile yenye faharasa, na hiyo peke yake iwe imeshapunguza matokeo chini ya 5,000. Muunganishe masharti kwa "na". Mkitumia "au", mfumo unalazimika kupitia pande zote mbili, na faida ya faharasa hupotea.

Tena, kufuta folda yenye vitu zaidi ya 5,000 kwa mkupuo nako hukataliwa kwa sababu ileile. Futeni kwa mafungu, au ngojeni dirisha la usiku.

Katibu muhtasi wetu alipakia barua 40 kwa pamoja. Yeye anaziona zote. Mkurugenzi haoni hata moja, na hata mimi mwenye mamlaka kamili sioni. Ruhusa za maktaba ni sawa kwa wote.
*Muheza*

Barua hizo bado zimeazimwa (checked out) kwa jina la katibu, yaani zimeshikiliwa naye kwa uhariri, na hazijawahi kurudishwa (checked in) hata mara moja. Faili isiyo na toleo lililorudishwa huonekana na aliyeipakia tu, hata msimamizi hafunguliwi. Hutokea pale maktaba inapodai faili iazimwe kabla ya kuhaririwa, au ina safuwima ya lazima ambayo haikujazwa. Kwenye kurasa za mtindo wa zamani, kupakia faili nyingi kwa mkupuo huruka hatua ya kujaza safuwima, na zote hubaki zimening'inia.

Njia fupi ni katibu mwenyewe kujaza safuwima zinazodaiwa, kuzichagua zote na kuzirudisha. Kama yuko likizo, ingia kwenye mipangilio ya maktaba, kwenye sehemu ya ruhusa na usimamizi, kuna kiungo cha faili zisizo na toleo lililorudishwa. Zichague, chukua umiliki, kisha uzirudishe wewe. Kuzuia lisijirudie, ondoa sharti la kuazima kwenye mipangilio ya matoleo kama hakuna sababu nzito ya kuwa nalo, na uipe kila safuwima ya lazima thamani ya kuanzia.

Baada ya hapo angalia namba ya toleo. Ikiwa ni 0.1, maktaba inatunza rasimu, na msomaji wa kawaida hataona kitu mpaka toleo la 1.0 lichapishwe. Hilo ni jambo la pili tofauti, ila mara nyingi huja pamoja na la kwanza, na msimamizi akitatua moja hudhani ameshindwa.

Umeme ulikatika usiku, betri ya akiba ikaisha. Asubuhi seva zote zimewaka, lakini tovuti yetu inatoa kosa 503. Tumewasha upya mara nne. Je, umeme umeharibu SharePoint?
*Chumbageni*

Acheni kwanza kuwasha upya. Kila mnapozima ghafla mnaongeza uwezekano wa kuumiza hifadhidata, na 503 haitoki kwa sababu seva haijawashwa vya kutosha. Ni IIS, seva ya wavuti ya Windows, inayosema kwamba mchakato unaohudumia tovuti, yaani puli iliyo kwenye orodha ya "Application Pools", umesimama. Tafuteni kwa nini umesimama.

Anzeni kwa SQL Server, kwa kuwa SharePoint haina uhai bila hifadhidata zake. Tumeni ombi hili: SELECT name, state_desc FROM sys.databases. Kila moja iwe ONLINE. Ikiwa mojawapo inajirekebisha, isubirini. Hifadhidata kubwa iliyozimwa ikiwa na kazi nyingi huchukua muda. Ikiwa imeandikwa SUSPECT, msijaribu maajabu ya mtandaoni. Hakikisheni diski haijajaa wala kuharibika, kisha mrejeshe bekapu.

Pili, saa. Kerberos, utaratibu wa Windows wa kuthibitisha utambulisho, hukataa mashine zilizotofautiana kwa zaidi ya dakika 5. Seva ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ubao mama, aina ya CR2032, imekufa, hupoteza saa kila umeme unapokatika kabisa. Amri ya w32tm /query /status itawaonyesha saa inatoka wapi, na w32tm /resync itairudisha. Halafu nunueni betri hiyo. Hakuna kifaa cha bei rahisi kuliko hicho katika chumba chote cha seva.

Tatu, na hapa ndipo tunapowaomba mtazame kwa makini zaidi: nenosiri la akaunti ya huduma. Puli ya IIS huingia kwa nenosiri lililohifadhiwa pale inapoanza. Mtu akibadilisha nenosiri hilo kwenye Active Directory, saraka ya watumiaji ya Windows, mwezi uliopita, au muda wake ukaisha, puli iliyokwisha kuanza huendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Umeme unapokatika, puli inalazimika kuingia upya, nenosiri la zamani linakataliwa, nayo inasimama. Lawama zote huenda kwa umeme, kumbe kosa lilikuwa limekaa wiki kadhaa likingoja. Kumbukumbu za matukio za Windows, upande wa mfumo, zitaitaja puli iliyosimama pamoja na akaunti yake.

Msirekebishe nenosiri ndani ya IIS. SharePoint ina nakala yake, na siku moja itaandika juu ya marekebisho yenu. Nendeni kwenye Usimamizi Mkuu, usalama, akaunti zinazosimamiwa, mhariri akaunti husika na kuchagua kutumia nenosiri lililopo. Kama Usimamizi Mkuu wenyewe haufunguki, kazi hiyohiyo hufanywa kwa amri ya Set-SPManagedAccount kwenye PowerShell ya SharePoint. Mkimaliza, anzisheni puli.

Tovuti ikisharudi lakini kazi za ratiba hazitembei, huenda akiba ya usanidi, yaani nakala ya mipangilio inayowekwa kwenye kila seva, imeharibika wakati wa kuzimika. Simamisheni huduma ya SharePoint Timer kwenye seva zote. Fungueni C:\ProgramData\Microsoft\SharePoint\Config, ingieni kwenye folda yenye jina refu la herufi na tarakimu ambayo ndani yake mna cache.ini, na mnakili folda hiyo pembeni. Futeni faili za XML tu. Cache.ini ibaki, ifungueni, futeni namba iliyomo, andikeni 1, hifadhini. Washeni huduma. Faili za XML zitajirudia zenyewe na namba ndani ya cache.ini itapanda. Mkifuta folda nzima mnajitafutia kazi nyingine.

Kuhusu betri ya akiba, lengo lake ni kuwapa muda wa kuzima kwa utaratibu, si kufanya kazi usiku kucha. Iunganisheni na seva kwa kebo yake ili ziagizwe kuzima zenyewe chaji inaposhuka: SharePoint kwanza, SQL Server, na kidhibiti cha domeini (seva yenye Active Directory) mwisho. Kuwasha ni kinyume chake. Kama zote ni mashine pepe kwenye Hyper-V, wekeni ucheleweshaji wa kuwaka: kidhibiti cha domeini sekunde 0, SQL Server 120, SharePoint 300.

Nikifungua tovuti kutoka kompyuta yangu inafunguka. Nikiifungua nikiwa kwenye seva yenyewe, inaniuliza nenosiri mara tatu kisha inakataa kwa 401.1. Utafutaji nao hauleti matokeo.
*Pongwe*

Sababu ni moja kwa yote mawili. Windows hukataa mashine kujithibitishia utambulisho yenyewe kupitia jina ambalo si jina lake, kama kinga dhidi ya shambulio. Kitambazi cha utafutaji, yaani programu inayosoma nyaraka ili zitafutike, kikiwa kwenye seva hiyohiyo kinagonga ukuta uleule. Kwenye sajili ya Windows (registry) nenda HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Lsa\MSV1_0, tengeneza thamani ya maandishi ya mistari mingi iitwayo BackConnectionHostNames, uandike majina ya tovuti zako, moja kila mstari, bila http. Washa seva upya, kisha anzisha utambazaji kamili. Utaelekezwa na wengi uweke DisableLoopbackCheck. Hiyo huondoa kinga yote badala ya kuruhusu majina yako tu. Kwenye seva ya kazi usiiweke.

Mfanyakazi aliyehamishwa idara tumemtoa kwenye kundi la Active Directory saa 3 asubuhi. Saa 9 alasiri bado anafungua mikataba. Isitoshe, maktaba hiyo imekuwa nzito mno. Tumempa kila mtu ruhusa yake kwenye kila faili.
*Korogwe*

Mtu anapoingia, SharePoint Server humpa tokeni, kitambulisho cha muda, yenye orodha ya makundi yake, na kwa mipangilio ya kawaida tokeni ya Windows huishi saa 10. Ndani ya saa hizo makundi ya zamani bado yanahesabiwa. Jambo likiwa la haraka, msitegemee kundi la Active Directory peke yake: ondoeni jina lake, au kundi lenyewe kwa muda, kwenye kundi la SharePoint, kwa kuwa hilo hukaguliwa papo hapo.

Uzito mmejitengenezea. Kila faili inayokatwa kutoka ruhusa za maktaba huwa eneo lake la ruhusa, na kila mwonekano ukifunguliwa yote lazima yapimwe. Kikomo ni maeneo 50,000 kwa maktaba, lakini inashauriwa msizidi 5,000. Gaweni mikataba katika maktaba mbili au tatu kulingana na nani anastahili kuona, ruhusa ziwe juu ya maktaba kwa makundi, kisha mrudishe urithi kwenye faili, yaani zifuate tena ruhusa za maktaba. Kabla ya kurudisha, hamisheni kwanza zile za siri. Urithi ukirudi, ruhusa maalumu za faili hiyo hufutika na hazina njia ya kurejea.

Tunatumia toleo la 2016 na linatutosha. Kuna haja gani ya kuhama?
*Raskazone*

Kikomo cha msaada wa matoleo ya 2016 na 2019 ni tarehe moja, 14 Julai 2026. Baada ya hapo hakuna viraka vya usalama. Julai 2025 washambuliaji walitumia udhaifu wa SharePoint za kwenye seva binafsi, ile ya wingu haikuguswa, na katika seva nyingi waliiba funguo za mashine, yaani siri ambazo seva hutumia kuthibitisha data yake. Aliyekwisha kuiba funguo anaweza kurudi hata baada ya kiraka kuwekwa. Kama seva yenu ilikuwa inafikika kutoka intaneti wakati huo, kiraka peke yake hakikutosha: tengenezeni funguo mpya kwa Set-SPMachineKey, zisambazeni kwa Update-SPMachineKey, kisha iisreset kwenye kila seva.

Mkumbuke pia kwamba kusakinisha kiraka ni nusu ya kazi. Faili hubadilika, lakini hifadhidata hubaki za zamani mpaka mwendeshe programu ya usanidi, PSConfig, kwenye kila seva, moja baada ya nyingine.

Kutoka 2016 mnaweza kwenda Subscription Edition moja kwa moja bila kupitia 2019. Jengeni seva mpya pembeni, chukueni bekapu ya hifadhidata za maudhui, zirejesheni huko, zipimeni kwa Test-SPContentDatabase, na ziunganishwe kwa Mount-SPContentDatabase. Ya zamani iacheni ikisomeka tu mpaka idara zote zithibitishe nyaraka zao. Jaribio la kwanza lifanyeni kwa nakala ya hifadhidata ndogo kuliko zote mlizonazo, na mpime saa zilizotumika. Hapo ndipo mtakapojua kama mwisho wa wiki mmoja unatosha kuhamisha zilizobaki.