Kujaza mapengo katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza: jibu kwa mzazi wa Kisauni

Swali: Mwalimu, mwanangu yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Mombasa. Kiingereza anakizungumza bila kusita na riwaya anazisoma, lakini kila mtihani wa muhula unapokuja, zoezi la kujaza mapengo lenye alama kumi humwacha na tatu au nne. Nikiuliza shuleni naambiwa asome vitabu zaidi. Je, kuna namna mahsusi ya kuizoeza stadi hii, au ni jambo la kungoja tu likomae? Mzazi, Kisauni.

Jibu: Mzazi mwenzangu, nakushukuru kwa kulieleza swali kwa ukamilifu, kwa sababu maelezo yako yenyewe yananionyesha pa kuanzia. Mtoto anayezungumza vizuri na kusoma riwaya, kisha akashindwa na mapengo, kwa kawaida hana upungufu wa msamiati. Ana mazoea ya kusoma yanayomfaa msomaji wa hadithi lakini yanamponza mtahiniwa. Msomaji wa hadithi hufuata tukio, na macho yake huyapita maneno madogo kama "of", "as", "so" na "from", kwa kuwa hayahitaji sana ili ajue nani alimfanyia nani nini. Mapengo mengi ya mtihani yako hapo hapo yanapokaa maneno hayo. Ushauri wa kusoma vitabu zaidi si mbaya, ila peke yake huchelewa kuzaa matunda, na mwanafunzi wa kidato cha tatu hana muda mrefu wa kungoja.

Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari, yenye nambari 101/1, ina alama 60 na hufanywa kwa saa mbili: uandishi wa kiuamilifu (kama barua na ripoti) alama 20, kujaza mapengo alama 10, na stadi za kusikiliza na kuzungumza alama 30. Kifungu huwa na mapengo kumi, kila pengo neno moja, na hakuna majibu ya kuchagua. Hili la mwisho wazazi wengi hulisahau. Katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto alipewa maneno manne kwa kila pengo, akaweza kulifikia jibu kwa kuondoa yasiyofaa. Sasa anatakiwa kulitoa neno kichwani mwake mwenyewe, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Kwa hiyo vitabu vya marudio vya shule ya msingi, ambavyo bado vinauzwa kwa bei rahisi, havimfai kwa zoezi hili hata kama vifungu vyake vinaonekana vigumu.

Mbinu hii ya kujaza mapengo, kwa taarifa yako, haikubuniwa kwanza kwa ajili ya kuwapima wanafunzi. Mmarekani Wilson Taylor aliieleza mwaka 1953 kama njia ya kupima ugumu wa maandishi: maneno yalifutwa kwa mpangilio maalumu, wasomaji wakaombwa kuyarudisha, na kadiri walivyofaulu ndivyo maandishi yalivyohesabiwa kuwa mepesi kwao. Asili hiyo inatukumbusha kwamba kinachotafutwa ni uwezo wa kutumia maneno yaliyobaki ili kulipata lililoondolewa, wala si akiba ya maneno magumu.

Tazama kifungu hiki kifupi nilichokitunga kuhusu kivuko cha Likoni, na ikiwezekana mpe mwanao akijaze kabla hamjaendelea kusoma:

"Pedestrians cross the Likoni channel free (1) ___ charge, (2) ___ the owner of a vehicle must pay a toll. As soon (3) ___ one ferry leaves the ramp, the crowd begins to look out for (4) ___. In the evening the waiting area becomes (5) ___ full that a child can easily be separated (6) ___ its mother."

Pengo la kwanza ni "of" na la tatu ni "as". Hayo ni mafungu yaliyoganda. Mtu huyajua kwa kuwa amekutana nayo, na hakuna hoja ya kumfikisha hapo. La pili linakubali zaidi ya jibu moja: "but", "while" au "whereas". Lakini "however", ambalo watahiniwa hulikimbilia kwa kuwa lina sauti ya kisomi, halifai, na kinacholikataza ni koma iliyotangulia pengo, kwa sababu "however" ya maana hii ingetaka nukta au nukta-mkato kabla yake na koma baada yake. Wanafunzi wachache mno huzitazama alama za uakifishaji kama ushahidi.

Pengo la nne ni "another". Wapo watakaoandika "other", kwa kuwa Kiswahili hutosheka na "nyingine", ilhali Kiingereza hakiruhusu "other" ya umoja kusimama pale bila kibainishi, yaani neno kama "the" mbele yake. Wapo pia watakaoandika "it", na hao hawakuuliza "it" ni ipi: feri iliyotajwa imeshaondoka, na umati unaangaza macho kuitafuta inayofuata.

La tano ndilo linalomwangusha mtoto wa aina ya mwanao. Akifika kwenye "becomes", mkono wake huandika "very" papo hapo, na kweli hadi kwenye "full" sentensi haina kasoro. Kosa linajitokeza neno moja mbele, kwenye "that", ambayo haishirikiani na "very" wala na "too", inadai "so". Anayejaza huku akisoma hawezi kulijua hilo, kwa sababu ameshaandika kabla ya kuuona ushahidi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kifungu kisomwe chote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kalamu ikiwa mezani, kisha kila sentensi isomwe hadi nukta yake kabla ya kuandika lolote.

La sita ni "from". Sisi husema mtoto ametenganishwa na mama yake, basi mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili huandika "with". Hiyo "na" yetu hubeba kazi za "and", "with", "by" na wakati mwingine, kama hapa, ya "from". Na kiambishi "-ni" cha "sokoni" au "mezani" hubeba "in", "on", "at", "to" na hata "from", kikitegemea kitenzi kinachoambatana nacho. Katika mazungumzo makosa haya hayasahihishwi na yeyote, kwa kuwa mtoto ameshaeleweka, na ndivyo mtu anavyoweza kuwa msemaji hodari na bado akapoteza alama sita katika kumi.

Kuhusu mazoezi yenyewe, hamhitaji gharama. Chukueni makala ya gazeti la Kiingereza, hasa tahariri au makala ya maelezo, yenye maneno kati ya 150 na 200. Habari za michezo sizipendekezi, kwa kuwa majina na matokeo hujaa mno. Ndugu yake au mwanafunzi mwenzake ainakili, aiache sentensi ya kwanza ikiwa kamili ili mada ijulikane, kisha afute kila neno la saba. Baada ya wiki mbili au tatu za kufanya hivyo, afute kwa kuchagua: vihusishi, viunganishi, vibainishi na viwakilishi pekee. Vifungu vilivyoandaliwa vikae siku kadhaa kabla ya kujazwa, hasa kama mwanao alikuwa ameisoma makala hiyo, la sivyo atakuwa anapima kumbukumbu yake.

Jambo ambalo singependa liachwe ni hili: kando ya kila jibu aandike neno au alama ndani ya kifungu iliyomwelekeza. Kando ya "so" aandike "that". Kando ya "another" aandike "one ferry". Kwa mafungu yaliyoganda aandike fungu zima. Akiwa hana cha kuandika, akiri kwamba amebahatisha. Kazi hii huchosha mwanzoni na vijana huilalamikia, lakini ndiyo inayobadili namna ya kusoma, na ina faida nyingine kwako mzazi: hata kama Kiingereza si lugha yako, unaweza kuhesabu majibu mangapi yana ushahidi na mangapi hayana.

Makosa ayahamishe katika daftari dogo akiyapanga kwa aina ya neno, si kwa tarehe. Baada ya vifungu kadhaa utaona kundi moja au mawili yanajaa kuliko mengine, na hapo mwalimu wake atajua amsaidie wapi. Nomino na vitenzi navyo huulizwa, na mara nyingi dokezo lake liko katika sentensi inayofuata, ambako wazo lilelile hurudiwa kwa maneno mengine. Hapo ndipo zile riwaya zake zitamfaa. Akishapata neno, akague umbo lake: wakati wa kitenzi, umoja na wingi, tahajia, na herufi kubwa iwapo pengo linaanza sentensi.

Litakapotokea jibu lisilofanana na la gazeti lakini linaonekana kukubalika, lisikatwe nyumbani. Lipelekwe kwa mwalimu wa somo, kwa kuwa pengo moja huweza kuwa na majibu sahihi zaidi ya moja. Karatasi za miaka iliyopita za KCSE zihifadhiwe hadi muhula wa mwisho, zifanywe kwa kupimwa muda. Kwa uwiano wa alama, zoezi hili lina dakika 20; ningependa amalize kwa 15, na tano zilizobaki akisome kifungu chote kwa sauti ya chini na majibu yakiwa ndani. Majibu yanayouzwa pamoja na nakala za karatasi hizo yachukuliwe kwa tahadhari, kwa maana baadhi yake yana makosa ya uchapaji, na mengine hutoa jibu moja tu pale ambapo msahihishaji angekubali matatu.