Binti wa kwaya anataka chelo, na maswali mengine kutoka Mwanza

Tangu niandike kuhusu Sheku Kanneh-Mason, yule kijana wa Uingereza anayepiga chelo, simu haijatulia. Kwa asiyeijua, chelo ni ile fidla kubwa unayoipiga umekaa umeibana kwa magoti, na chuma chake cha chini kimekita sakafuni. Najibu machache leo.

Mwanangu wa kike ana miaka 13, anaimba kwaya, kamwona Sheku kwenye simu na sasa wimbo ni chelo tu. Hajachelewa? (Mama wa Buswelu)

Shikamoo mama. Ukimpima kwa Sheku utakata tamaa bure, maana yule alianza na miaka 6, akifika 9 kashamaliza Grade ya 8, daraja la juu la mitihani ya ala kule Uingereza, na kapata nafasi kwenye masomo ya watoto pale Royal Academy of Music, London, wakati kwao ni Nottingham, kwa hiyo Jumamosi ilikuwa ni treni kwenda na treni kurudi, na nyumbani wapo watoto saba wote wanapiga ala. Mwaka 2016 ana miaka 17 akashinda BBC Young Musician, mashindano ya wanamuziki vijana Uingereza, mweusi wa kwanza tangu yaanze 1978, halafu 2018 akapiga kwenye harusi ya Prince Harry na Meghan.

Ila kuna mtu anaitwa Pablo Casals, Mhispania aliyezaliwa 1876. Huyu chelo aliisikia kwa mara ya kwanza ana miaka 11, na akaja kuwa mkubwa kuliko karibu wote. Lakini angalia alikuwa na nini kabla: baba yake alipiga kinanda kanisani na yeye aliimba kwaya. Mama, hapo ndipo binti yako alipo! Shingo ya chelo haina vile vyuma vya kugawa sauti kama gitaa, ni ubao mtupu, kidole kinatafuta sauti kwa msaada wa sikio, na mtoto aliyekulia kwenye solfa za Mwanza hii, anayeshika sauti yake huku besi inanguruma nyuma, sikio analo tayari. Hata nyuzi zenyewe, kuanzia nene kwenda nyembamba, ni do, so, re, la. Nimefundisha watoto wa kwaya na wasio wa kwaya, na tofauti naiona wiki ya kwanza.

Kitakachomsumbua ni kusoma nota za mistari, aanze sasa hivi hata kabla chelo haijapatikana. Na ikipatikana, dakika 40 kila siku, sio masaa manne Jumapili. Wewe kazi yako ni moja, kaa naye chumbani ile miezi ya kwanza inapolia vibaya, usimwambie akapige nje.

Kaka, kwa uhakika kabisa, wapiga chelo wanakula nini? Nipo chuo, mzee wangu ananiuliza kila siku. (Nyegezi)

Mzee wako anauliza swali la haki mdogo wangu, usimkasirikie. Kuishi kwa kupiga solo tu kama Sheku ni kwa wachache sana duniani. Okestra kubwa, yaani lile kundi la wapiga ala wengi pamoja, ina wapiga chelo kama 8 mpaka 12, wengi wanakaa humo hadi kustaafu, nafasi moja ikitoka wanakuja watu kibao, na sehemu nyingi kwenye usaili unapiga nyuma ya pazia ili wasikuone wewe ni nani, wanasikiliza tu.

Hapa kwetu riziki inakuja vipande vipande. Kufundisha ndio mhimili, halafu harusi, halafu studio maana watu wa gospo na bongo fleva wakipata chelo ya kweli hawaiachi, halafu taarab. Kwa hiyo jifunze kushika wimbo kwa kusikia, usiwe mtu wa karatasi tu. Na tafuta cheti: Chuo Kikuu cha Makumira kule Arusha wana digrii ya muziki, Zanzibar kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy pale Mji Mkongwe. Mzee akiona una wanafunzi watano wanaolipa kila mwezi, maswali yatapungua, nakuhakikishia.

Huo si muziki wa wazungu? (Igoma)

Chelo ilitengenezwa Ulaya, ndiyo. Lakini taarab ya Zanzibar wanaipiga chelo miaka mingi, na kusugua uzi kwa upinde sio kitu kigeni kwetu, zeze ni nini? Mimi naipenda Bach, yule mtunzi wa zamani wa Ujerumani, na naipenda zeze, na zote nazipiga kwa moyo mmoja.

Kila wiki navuka na chelo yangu kwa kivuko cha Kamanga kwenda kufundisha Sengerema, nikifika nyuzi zimelegea, na sasa ubavuni naona kama mbao zimeachana. Niigundishe?

Usiguse supaglu, nakuomba. Mafundi huunganisha chelo kwa gundi ya ngozi ya wanyama makusudi, iachie yenyewe mbao zikivimba na kunywea, maana isipoachia ubao ndio unapasuka, na ufa wa ubao ni hasara kubwa. Hapo palipoachana fundi anayejua gundi hiyo anaparudisha. Mimi chelo yangu ya kwanza iliharibiwa hivyohivyo na fundi mmoja wa makabati, bado inaniuma.

Vigingi vya kukazia nyuzi vinavyoteleza, visukume kwa ndani huku unazungusha, na paka chaki kidogo. Upinde ulegeze kila ukimaliza kupiga. Kwenye kivuko kaa nayo kivulini, usiiache ndani ya gari lililofungwa juani, na ukifika Sengerema iache kwenye kesi dakika 20 ipoe ndio uifungue.