Maswali ya Wasomaji: Mtoto Aliyezima Kamera

Barua tatu nilizozichagua mwezi huu zimeandikwa na watu wasiojuana, nazo zote zinauliza jambo moja: tutaujuaje moyo wa mtoto ambaye tunamwona kupitia kioo cha simu tu? Nimeijibu ya kwanza kwa kirefu kwa sababu walimu wengi wamo katika hali hiyo hiyo.

SWALI: Mshauri mpendwa, mimi ni mwalimu wa Gredi ya Nne katika shule ya kibinafsi mtaani Donholm, Nairobi. Tangu mafuriko ya mwaka 2024, yaliyofanya muhula wa pili uanze Mei 13 badala ya Aprili 29, shule yetu hufundisha mtandaoni kila watoto wanaposhindwa kufika darasani, zikiwemo siku za maandamano jijini. Kila asubuhi huwauliza wanafunzi wangu 28, "Mnajisikiaje leo?" nao huitikia kwa pamoja, "Vizuri, mwalimu!" ilhali najua wapo ambao jamaa zao walipoteza nyumba. Wengine huzima kamera nisijue hata kama wapo. Nimesikia kuna shughuli za kuwasaidia watoto kihisia hata wakiwa mbali nasi. Nianzie wapi?
Mwalimu, Donholm

JIBU: Mwalimu, swali lako la asubuhi ni jema, ila unaliuliza mahali pagumu. Mtoto wa miaka tisa hawezi kuwatangazia wenzake 27, pamoja na wazazi wanaopita nyuma ya skrini wakitafuta funguo, kwamba jana usiku hakupata usingizi. "Vizuri, mwalimu" ni itikio la salamu, na sisi wenyewe ndio tuliomfundisha kuitikia hivyo. Badala ya kumwomba maneno, mwombe kitu anachoweza kukishika mkononi.

Waambie watoto wachore vikaratasi vinne vya hali ya anga: jua, mawingu, mvua na radi. Kila asubuhi, mtoto achague kikaratasi kinachofanana na hali ya moyo wake, akisogeze karibu na kamera, au akuandikie wewe peke yako neno moja kama hataki wenzake waone. Mimi huongeza cha tano, ambacho watoto wa Nairobi hawahitaji kuelezwa: asubuhi ya Julai, wakati ambapo mvua hainyeshi, jua haliwaki, na baridi imeingia hadi kwenye mifupa. Katika darasa moja nililolisaidia, hicho ndicho kilichoinuliwa na wengi. Mvulana mmoja alikishika kwa muda, akatazama pembeni, kisha akakigeuza taratibu ili nione upande wa nyuma, ambako alikuwa amechora radi kwa kalamu nyeusi hadi karatasi ikatoboka. Hakusema lolote. Nilimwambia, "Nimeona, asante," tukaendelea na somo, na saa nane mchana mwalimu wake akampigia simu mama yake.

Tafadhali shika utaratibu huo kama ulivyo. Ukiona radi, usiulize mbele ya darasa "Kwani kuna nini?" Shukuru, andika jina kando, kisha fuatilia baadaye. Mtoto akigundua kwamba kila anapoonyesha radi anahojiwa hadharani, kuanzia kesho atakuonyesha jua tu, nawe utakuwa umeufunga mlango ambao ulikuwa umeanza kufunguka.

Baada ya wiki moja au mbili za vikaratasi, nenda kwenye maneno, na hapa lugha yetu ni tajiri kuliko tunavyoitumia. Mtoto anayejua "nimefurahi" na "nimekasirika" pekee ni kama fundi mwenye nyundo na msumari tu. Mfundishe kwamba kuna kununa, kuna wivu, kuna upweke, kuna fadhaa, kuna haya, na kuna kinyongo, ambacho ni hasira iliyokataa kutoka. Kiswahili pia huziweka hisia mwilini: tumbo joto, moyo mzito, donge kooni, roho juu. Waambie wachore umbo la mtu kwenye karatasi, kisha wapake rangi mahali wanapohisi wasiwasi wao unakaa. Mtoto ambaye hawezi kusema "naogopa" ataweza kusema "rangi nyekundu iko tumboni", na hilo linatosha kwa siku moja. Kazi hii si mchezo wa kupoteza wakati. Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba watu wazima walipoitaja kwa jina hisia iliyoonekana kwenye uso katika picha, shughuli katika amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika sana na hofu, ilipungua. Nami nimewaona watoto wengi wakishusha mabega mara tu walipopata neno walilokuwa wakilitafuta.

Kwa kutuliza mwili, tumia kikombe cha uji. Kila mtoto ajifanye ameshika kikombe cha uji wa moto kwa mikono miwili. Avute harufu yake polepole kupitia puani, kisha aupoze kwa kuupuliza taratibu, muda mrefu kuliko aliotumia kuvuta, bila kuumwaga. Mara tano zinatosha. Sababu yake ni ya kimaumbile: moyo huenda mbio kidogo tunapovuta pumzi na hupunguza mwendo tunapoitoa, kwa hiyo anayerefusha kutoa pumzi huusaidia moyo wake kutulia. Ninaupenda uji kwa kuwa mtoto anaweza kuupoza peke yake kitandani usiku, bila intaneti na bila mtu mzima. Fanyeni zoezi hili siku ambazo kila mtu ametulia, kwa maana mtoto hawezi kujifunza kuogelea siku ya mafuriko.

Sasa tuje kwenye kamera. Nakusihi usimlazimishe mtoto kuiwasha. Wahenga walisema nyumba husitiri mambo, lakini kamera haisitiri. Inaonyesha kitanda kilicho kando ya jiko, ukuta wenye unyevu, mjomba aliyelala sebuleni, na watoto wa umri huo huonana na kuchekana. Hata pasipokuwa na la kuficha, kujitazama usoni saa nzima huchosha. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika makala yake ya mwaka 2021, alitaja jambo hilo kuwa miongoni mwa sababu za uchovu wa mikutano ya video, pamoja na kutazamwa kwa karibu mno na kukaa pale pale bila kusogea. Waonyeshe watoto jinsi ya kuificha picha yao wenyewe wasiione. Aliyezima kamera mpe njia nyingine ya kusema "nipo": agonge meza mara mbili, atume alama ya mkono, au aelekeze kamera kwenye mikono yake inayochora. Utashangaa jinsi mikono inavyozungumza.

Kila baada ya dakika 20 hivi, wainue kwenye viti. Watume walete kitu laini, kitu cha duara, kitu chenye harufu ya nyumbani. Mmoja atarudi na leso, mwingine na kifuniko cha sufuria. Tega kitendawili. Wote watakapoitikia "Tega!" kwa wakati mmoja sauti zitagongana na nyingine zitachelewa, na ni sawa; hicho kicheko ndicho wanachokikosa wanapokuwa peke yao. Mwisho wa kipindi usikate ghafla. Muage kila mtoto kwa jina lake, hata kama itakugharimu dakika tatu.

Jambo la mwisho ni kwamba vipindi hivi vya hisia visirekodiwe. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na inataka ifanyike kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto mwenyewe. Picha ya mtoto akilia haina kazi yoyote kwenye kundi la wazazi la simu.

SWALI: Kwako Mshauri. Binti yangu ana miaka 11. Baba yake alifariki mwaka jana, na sasa anazungumza na mshauri kwa simu ya video kila Jumatano. Tunaishi chumba kimoja Pipeline, mimi na watoto watatu. Binti hujibu "sawa tu" kwa kila swali, na mshauri anasema hafunguki. Je, tumwache mshauri huyo?
Mama wa watatu, Pipeline

JIBU: Mama, pole sana kwa msiba. Usimwache, na usimlaumu binti. Jiweke mahali pake: angesemaje mbele ya wadogo zake kwamba anamlilia baba, huku akikuona wewe ukijikaza usilie?

Kwanza mtafutie faragha, hata kama ni ya nusu saa. Wiki ijayo, simu inapokaribia, wachukue wale wadogo mwende dukani au mzunguke mtaani, umwachie binti chumba, vipokea sauti vya masikioni na mlango uliofungwa. Ikinyesha na hamwezi kutoka, redio iliyowashwa karibu na mlango itawazuia majirani kusikia, nanyi mgeuke upande wa pili. Mshauri naye akubaliane na binti juu ya neno la siri, neno la kawaida kama "daftari", ambalo binti akilitaja, mshauri atajua kuna mtu ameingia, na mazungumzo yatageukia masomo bila kuuliza.

Pili, mwombe mshauri abadilishe namna ya kuuliza. Maswali ya "unahisi nini" yanaweza kuwekwa kando kwa muda. Wachore wote wawili kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye karatasi yake, kamera zikiangalia karatasi badala ya nyuso. Au binti agonge simu kwa kidole mara moja hadi tano kuonyesha huzuni ya leo ni nzito kiasi gani, bila kutamka. Niliwahi kumhudumia mtoto ambaye kwa wiki kadhaa alizungumza nami kupitia soksi aliyoivaa mkononi kama kikaragosi. Soksi ilikuwa na hasira nyingi. Ilinieleza mambo ambayo mwenye soksi hakuwa tayari kuyasema, nami nilizungumza na soksi kwa heshima zote.

Kuna shughuli moja inayofaa sana kwa aliyefiwa, nayo haihitaji bando. Tafuteni sanduku la viatu, binti aweke humo vitu vinavyomtuliza na vinavyomkumbusha baba: shati, picha, tiketi ya safari waliyokwenda pamoja, jiwe laini la kushika. Siku ya simu alifungue mbele ya mshauri, atoe kitu kimoja tu na kukisimulia. Usimharakishe kumaliza sanduku.

Mshauri wa mbali anapaswa kuanza kila kikao kwa kumuuliza mtoto yuko wapi, yuko na nani, na laini ikikatika au stima ikipotea nani atampigia mwenzake. Huenda unaona ni mambo madogo. Lakini mtoto aliyefiwa ambaye sauti ya mshauri wake imekatika katikati ya sentensi anaweza kudhani ameachwa tena. Mwombe pia mshauri asizijaze nafasi za ukimya, aseme tu, "Nipo, nasubiri." Kama hujui amesajiliwa, muulize waziwazi, kwani sheria ya mwaka 2014 kuhusu washauri na wanasaikolojia inataka wasajiliwe.

Ukirudi kutoka dukani, usiulize "Mmeongea nini?" Mpikie chai, mkae. Na ukitokwa na machozi, usiyafiche. Huenda anangojea ruhusa yako.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 13. Amezima kamera mwezi mzima, halali vizuri, haendi tena kucheza mpira, na juzi alimwambia dada yake kwamba ingekuwa afadhali asingezaliwa. Mwalimu wao wa mtandaoni ana michezo ya hisia. Je, inatosha?
Baba, Kasarani

JIBU: Hapana, ndugu yangu, haitoshi. Michezo ni ya kumsaidia mtoto aliyelemewa kidogo na ya kutufanya tumwone mapema. Mtoto ambaye kwa wiki mbili au zaidi hali, halali, ameacha alichokipenda, na sasa anatamka maneno kama hayo, anahitaji mtaalamu wa ana kwa ana, na wiki hii.

Leo jioni kaa naye, simu zikiwa mbali. Muulize kwa upole na bila kuzunguka, "Umewahi kufikiria kujiua?" Najua ulimi unakuwa mzito. Kuuliza hakumtii mtoto wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafuu ya kujua kwamba kuna anayeweza kulisikia. Akikubali, usimkemee, usimhubirie, usimwambie anamkosea Mungu. Msikilize, mwambie umefurahi kwamba amekuambia, uondoe nyumbani dawa na sumu za panya na za wadudu zilizo karibu, na usimwache peke yake. Mpeleke hospitali iliyo karibu mkamwone daktari. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupokelewa mchana na usiku bila malipo, hata kama huna salio, na wewe mzazi unaweza kuipiga pia. Ukiipiga, mkae pamoja mkisubiri, mkono wako ukiwa begani mwake.